Haidromita ya Skeli Tatu: Tathmini ya Mwaka Mmoja wa Kupima Bia ya Nyumbani, Nakuru na Kisumu

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia haidromita moja ya kioo, kifaa kinachoelea ndani ya kimiminika na kuonyesha uzito wake, kupima bia ninayoitengeneza nyumbani kwangu Lanet, Nakuru. Mara nne nimeisafirisha, ikiwa imeviringishwa kwa taulo ndani ya kopo la bati, hadi Mamboleo, Kisumu, kwa shemeji yangu ambaye naye ameingia katika kazi hii. Katika muda huo kifaa hiki kimenipa namba nyingi ambazo sikuzitarajia, na zaidi ya mara moja nilikusudia kukirudisha dukani. Leo ningekinunua tena, na nitaeleza kwa nini, kwa kuwa karibu kila namba iliyonisumbua ilikuwa na sababu inayoweza kutafutwa na kupatikana, na kasoro ya kifaa chenyewe ilikuwa moja tu, tena ndogo.

Nilikinunua mjini Nakuru kwa muuzaji wa vifaa vya maabara kwa shilingi 1,800, pamoja na silinda ya plastiki ya kupimia. Ni kioo chembamba chenye tumbo lililotiwa uzito chini na shingo ndefu juu, na ndani ya shingo hiyo kuna karatasi iliyokunjwa yenye skeli tatu. Ya kwanza ni ya graviti, yaani uzito wa kimiminika ukilinganishwa na uzito wa maji ya ujazo uleule, na inaanzia 0.990 hadi 1.170. Ya pili ni ya Brix, ambayo husema ni asilimia ngapi ya uzito wa kimiminika ni sukari. Ya tatu ni ya kileo kinachoweza kupatikana. Hiyo ya tatu imewapotosha wengi, kwa sababu mtu huipima bia iliyokwisha kuchacha, akaona imeandikwa asilimia moja na nusu, akadhani ametengeneza maji. Kileo hakisomwi kwa kipimo kimoja. Unachukua graviti ya mwanzo, unaondoa graviti ya mwisho, na tofauti unaizidisha kwa 131. Bia iliyoanza kwenye 1.048 na kuishia kwenye 1.012 ina kileo cha karibu asilimia 4.7 kwa ujazo.

Pishi langu la kwanza lilikuwa rahisi kiasi kwamba halikupaswa kuwa na fumbo lolote. Nilitumia kilo mbili na nusu za unga wa kimea cha shayiri, ule uliokwisha kukamuliwa na kukaushwa kiwandani, kwa ndoo ya lita 19. Kilo moja ya unga huo katika lita 10 huongeza graviti kwa takribani 0.037, hivyo hesabu yangu ilinipa 1.048. Nilichemsha unga na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, katika lita nane za maji, nikamimina kwenye ndoo, nikajaziliza maji baridi hadi kwenye alama ya lita 19, nikakoroga kwa mwiko mizunguko miwili mitatu, kisha nikateka kikombe kutoka juu. Haidromita ilisoma 1.031. Nilifungua bomba lililo chini ya ndoo, nikajaza silinda tena, na safari hii ikasoma 1.062. Ndoo ni ileile, na kati ya vipimo hivyo viwili hazikupita hata dakika tano.

Anayetumia unga au asali ya kimea na kuongeza maji mwishoni alikumbuke jambo hili kabla ya kulaumu kitu kingine chochote. Sukari iliyo kwenye unga haiwezi kupotea njiani. Ikiwa uzito wa unga ni sahihi na ujazo wa ndoo ni sahihi, graviti ya mwanzo inajulikana kabla hata ya kupima, na namba iliyo mbali na hesabu inakuambia kwamba maji mazito yamelala chini na maji mepesi yamekaa juu. Nilikoroga kwa nguvu kwa dakika tano nzima, jambo ambalo pia huingiza hewa ambayo hamira inaihitaji mwanzoni, nikapima tena juu na chini. Kote nilipata 1.046.

Zikabaki pointi mbili, yaani 0.002, ambazo hesabu haikuweza kuzieleza. Hapo ndipo nilipokipima kifaa chenyewe, kazi ambayo ningepaswa kuifanya siku niliyokinunua. Nilinunua chupa ya maji ya betri kwenye kituo cha petroli, yale yaliyoondolewa madini. Hapa naomba msomaji awe mwangalifu sana, kwa kuwa kwenye rafu hiyohiyo huuzwa pia asidi ya betri, na chupa zake hufanana. Soma lebo mara mbili kabla ya kufungua. Karatasi ya haidromita yangu imeandikwa kwamba ilisawazishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo niliyafikisha maji kwenye joto hilo nikitumia kipimajoto, kisha nikaichovya. Ilipaswa kusoma 1.000, lakini ilisoma 0.998.

Kipimo cha maji peke yake hakitoshi, kwa sababu hakikuambii kama kosa linabaki lilelile kwenye namba za juu. Nilipima gramu 100 za sukari ya kawaida kwa mizani ya jikoni, nikaziyeyusha katika gramu 900 za maji yaleyale. Mchanganyiko wa asilimia kumi ya sukari kwa uzito una graviti ya 1.040 kwa nyuzi 20, na hauna ubishi. Haidromita ilisoma 1.038. Kosa, basi, ni 0.002 kwenye namba za chini na 0.002 hizohizo kwenye namba za juu. Maana yake ni kwamba karatasi iliteleza kidogo ndani ya shingo wakati kioo kilipokuwa kikizibwa, wala umbo la kioo halina dosari. Kosa lisilobadilika linasahihishwa kwa kujumlisha. Laiti ningepata 0.998 kwenye maji na 1.034 kwenye sukari, ningekirudisha kifaa jioni hiyohiyo. Nina lawama moja kwa muuzaji, nayo ni kwamba kazi ya dakika kumi kama hii ingeweza kufanywa dukani mbele ya mteja, kwa ndoo moja ya maji safi na kipimajoto.

Namna ya kusoma nayo ina sehemu yake. Kimiminika hupanda kidogo kwenye shingo ya kioo, na namba sahihi ni ile iliyo usawa wa uso wa kimiminika chenyewe, si pale kilipojipandisha. Silinda isimame wima, haidromita isiguse ukuta wake, na jicho liinamishwe hadi usawa huo. Kifaa hiki kina mistari iliyosongamana, kila mstari ukiwa 0.002, kwa sababu skeli ndefu kutoka 0.990 hadi 1.170 imebanwa kwenye shingo fupi. Kwa mtu wa bia ya kawaida, sehemu yote iliyo juu ya 1.100 haitumiki. Zipo haidromita zenye skeli fupi, kama vile kutoka 0.990 hadi 1.020, ambazo hufaa zaidi kupima mwisho wa uchachushaji, na ningemshauri mwenye uwezo awe na zote mbili. Zile rangi za kijani na njano zilizochorwa kuonyesha mahali pa bia na mahali pa divai nimezipuuza kabisa. Pishi halimalizi kuchacha kwa sababu haidromita imefika kwenye rangi.

Safari ya kwanza ya Kisumu ilileta swali la aina nyingine. Shemeji alinunua unga uleule wa kimea, akatumia kipimo kilichotarajiwa kutoa 1.044, akakoroga ipasavyo. Tulipima saa tisa alasiri, katika chumba ambacho joto lilikuwa limefika nyuzi 30 kama ilivyo kawaida ya Kisumu, na haidromita ikasoma 1.040 au chini yake kidogo. Nilipoongeza 0.002 zangu nilipata karibu 1.042.

“Shemeji,” aliniuliza, “unga ni mmoja, maji tumepima pamoja. Hapa Kisumu sukari inaenda wapi?”

“Haijaenda popote, shemeji. Lete bakuli la maji baridi.”

Tuliweka silinda ndani ya bakuli la maji yenye barafu na kusubiri hadi sampuli ifike nyuzi 20. Ilisoma 1.042, na kwa kujumlisha kosa la kifaa tukapata 1.044 kamili. Kimiminika chenye joto hupanuka na kuwa chepesi, hivyo haidromita huzama zaidi na kuonyesha namba ndogo kuliko ukweli. Kwa kifaa kilichosawazishwa kwa nyuzi 20, sampuli ya nyuzi 25 inahitaji kuongezewa kama 0.001, ya nyuzi 30 kama 0.0025, na ya nyuzi 40 karibu 0.006. Nakuru, ambako nyumba yangu hukaa kwenye nyuzi 20 au 22 kwa miezi mingi, sikuwahi kuliona tatizo hili, na ndiyo maana sikujua kwamba lilikuwapo. Mtu wa Kisumu, Busia au Homa Bay atakutana nalo katika kila pishi.

Kuna wanaopima kimiminika kikiwa kimoto kutoka jikoni na kusahihisha kwa jedwali. Kwa nyuzi 60 upungufu ni 0.015, na kwa nyuzi 70 unafikia 0.020, yaani karibu nusu ya graviti yote ya bia ya kawaida, na kosa dogo la kipimajoto katika joto hilo huwa kosa kubwa la graviti. Isitoshe, niliwahi kumimina kimiminika cha moto kwenye silinda iliyokuja na haidromita hii, nayo ikapinda hadi leo haisimami wima. Silinda hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote ya bidhaa hii, na nimeibadilisha kwa ya kioo nene. Joto hupotosha hata ujazo: lita 20 zikiwa zinachemka zitapungua kwa karibu asilimia nne zikipoa, kwa hiyo anayesoma ujazo kwenye sufuria ya moto na graviti kwenye sampuli baridi atadhani amepata sukari nyingi kuliko aliyoipata kweli.

Pishi lililonifundisha zaidi lilikuwa la mtama. Kisumu ni mji wa mtama kwa maana ya bia pia, kwa kuwa kiwanda cha bia cha hapo hutumia nafaka hiyo inayolimwa na wakulima wa Nyanza na Magharibi. Shemeji aliona si haki tununue unga wa shayiri uliotoka ng'ambo ilhali mtama uko hapo sokoni Kibuye. Tulipata kilo nne za kimea cha mtama, tukakisaga, tukakiloweka katika maji ya nyuzi 66 kwa saa moja na nusu kama tunavyofanya kwa shayiri, tukachuja, tukachemsha, tukabaki na lita 18. Tulitarajia karibu 1.045. Baada ya kupooza, kukoroga na kusahihisha, tulipata 1.022.

Tulirudia yote niliyokwisha kujifunza. Sampuli ilikuwa nyuzi 20. Juu na chini ya ndoo zilisoma sawa. Haidromita ilisoma 0.998 kwenye maji kama ilivyo ada yake. Kifaa kilikuwa kinasema kweli, na sukari kweli haikuwapo. Tulichukua tone la tincha ya aidini kutoka duka la dawa, tukalidondosha kwenye sahani nyeupe juu ya kijiko cha kimiminika, na papo hapo likageuka buluu inayokaribia nyeusi. Wanga mwingi ulikuwa bado ni wanga. (Sampuli iliyotiwa aidini humwagwa, hairudishwi kwenye ndoo.)

Jibu alikuwa nalo shangazi yangu wa Mbale, Vihiga, ambaye hajawahi kushika haidromita maishani. Nilipomweleza kwa simu tulivyofanya, aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, mliupika?” Kisha akanikumbusha busaa inavyotengenezwa. Unga wa mahindi huchachushwa kwanza, kisha hukaangwa juu ya bati la moto hadi uive na kubadilika rangi, ndipo hutiwa maji na kimea cha wimbi. “Kimea hakiwezi kitu kibichi,” alisema.

Maneno yake ndiyo kemia yenyewe. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari ikiwa wanga huo umeshafunguka kwa joto na kuvuta maji. Wanga wa shayiri hufunguka kwa nyuzi 60 hadi 65, joto ambalo vimeng'enya bado viko hai, ndiyo maana mtengenezaji wa shayiri hafikirii jambo hili. Wanga wa mtama huhitaji nyuzi 70 au zaidi, na kwa joto hilo vimeng'enya huanza kufa. Ukiloweka mtama kwa nyuzi 66, vimeng'enya vipo lakini mlango umefungwa. Ukipandisha joto, mlango unafunguka lakini wafanyakazi hawapo tena. Akina mama wa Vihiga na Kakamega walilimaliza tatizo hili kwa bati la moto zamani sana.

Katika pishi lililofuata tuliloweka kimea cha mtama kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 45, tukakiacha kitulie, tukateka yale maji ya juu yenye vimeng'enya na kuyaweka kando. Uji mzito uliobaki tuliuchemsha hadi ukaiva kabisa, tukaupoza hadi nyuzi 65, ndipo tukarudisha maji yaliyotekwa na kusubiri saa mbili. Aidini ilibaki na rangi yake ya kahawia. Graviti ilikuwa 1.041. Niliipigia hesabu mara tatu kwa furaha.

Niongeze hapa kwamba haidromita haifai kupima busaa iliyo tayari kunywewa. Kinywaji kile ni kizito kwa unga unaoelea, na chembe hizo hushikilia kioo mahali popote kinapotaka kusimama. Niliwahi kujaribu na nikapata namba tofauti kila nilipoizungusha.

Narudi Nakuru, kwenye mwisho wa uchachushaji, ambako maswali huwa mengi zaidi. Mwezi wa Julai pishi langu la tano lilisimama kwenye 1.020 siku ya nane, nami nilitarajia 1.012. Jambo la kwanza lilikuwa gesi. Bia inayochacha imejaa gesi ya kabonidioksidi, na viputo vyake hujibandika kwenye tumbo la haidromita na kuiinua kama maboya, hivyo namba huwa kubwa kuliko ukweli. Nilimimina sampuli kutoka bilauri moja hadi nyingine mara ishirini hivi, nikaiacha itulie robo saa, nikaizungusha haidromita kwa vidole ili viputo vitoke. Ikashuka hadi 1.017. Pointi tatu zilikuwa za mapovu matupu.

Pointi zilizobaki zilikuwa za kweli. Ndoo ilikuwa kwenye sakafu ya stoo, na usiku wa Julai Nakuru si jambo la kupuuza. Baridi ya mji huu ulio mita 1,850 juu ya usawa wa bahari inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye ndoo kilisoma 15 asubuhi. Hamira ninayotumia hupenda nyuzi 18 hadi 22, na chini ya hapo hulala na kuzama chini. Niliihamisha ndoo hadi jikoni, nikaifunika kwa blanketi, nikaitikisa taratibu ili hamira iamke bila kuingiza hewa. Baada ya siku nne ilisoma 1.012 iliyosahihishwa, na siku mbili baadaye ikasoma namba hiyohiyo. Kipimo cha kuaminika cha mwisho wa uchachushaji ni namba mbili zinazolingana, zikiachana kwa siku mbili au tatu, na ndicho kinachonizuia kuweka bia kwenye chupa mapema. Kama ingegoma kwenye 1.017 hata baada ya kupata joto, ningemshuku kipimajoto cha sufuria, kwa kuwa kimea kilicholowekwa kwa nyuzi 70 na zaidi hutoa sukari nyingi ambazo hamira haiwezi kuzila. Lakini kwa pishi la unga wa kiwandani uamuzi huo ulikwisha kufanywa na wengine.

Katikati ya wasiwasi huo rafiki anayefanya kazi na wakulima wa matunda ya pasheni aliniazima refrakitomita. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake: unatia matone mawili kwenye kioo, unatazama kwenye mwanga, na unasoma Brix bila kumwaga kikombe kizima cha bia. Siku ya kupika kililingana na haidromita yangu barabara, Brix 11.9 dhidi ya 1.048. Lakini nilipokitumia kwenye bia ileile mwishoni mwa uchachushaji, kilisoma Brix 6.2, ambayo kwa jedwali la kawaida ni sawa na 1.024. Haidromita, kwa bia hiyohiyo isiyo na gesi, ilisema 1.012. Nilikaa jioni nzima nikijiuliza nimwamini nani.

Vyote viwili vilikuwa sahihi katika kile vinachokipima. Refrakitomita haipimi uzito. Inapima jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye kimiminika, na jedwali lake linadhani kilichomo ni maji na sukari peke yake. Kileo hupinda mwanga zaidi kuliko maji, ilhali kwa uzito ni chepesi kuliko maji. Kwa hiyo kileo kinaipandisha namba ya refrakitomita na kuishusha ya haidromita. Zipo kanuni za hesabu zinazochukua Brix ya mwanzo na Brix ya mwisho na kutoa graviti ya kweli, na nilipoweka 11.9 na 6.2 nilipata 1.012. Anayemiliki refrakitomita pekee asikate tamaa, lakini asiisome bila hesabu hiyo baada ya kutia hamira. Kwa maoni yangu, mwenye shilingi za kununua kifaa kimoja anunue haidromita kwanza.

Kumebaki namba ya chini kupita kiasi, ambayo ndiyo ya hatari. Pishi la saba liliingia kwenye chupa likiwa 1.012. Wiki tano baadaye chupa moja ilipofunguliwa ilimwaga povu hadi dari, na bia iliyobaki, ikiwa imetolewa gesi, ilisoma 1.004. Kila graviti inaposhuka kwa 0.001 ndani ya chupa iliyofungwa, gesi inayozalishwa hukaribia nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Pointi nane ni gesi mara nne ya ujazo wa bia, juu ya ile gesi iliyokusudiwa. Chupa za kioo hupasuka kwa kiasi hicho. Nilizifunika zote kwa magunia mazito, nikavaa jaketi na miwani, nikazifungua moja moja nje ya nyumba, nikamwaga. Hamira ya mwituni ilikuwa imekula sukari ambazo hamira yangu haili, na ilitoka kwenye mikwaruzo ya ndoo ya plastiki ambayo wakati mwingine tuliitumia kuchachushia unga wa uji. Ndoo ya bia na ndoo ya uji sasa hazikutani, na nimejifunza kwamba graviti inayoshuka chini ya pale ilipotulia inastahili kuaminiwa mara moja, kwa sababu gesi na uchafu huipandisha namba, na katika bia iliyopoa hakuna jambo la kawaida linaloishusha kwa kiasi hicho.

Mwezi uliopita shemeji alinunua haidromita yake kwa muuzaji mwingine. Tuliziweka zote mbili, kwa zamu, kwenye silinda moja ya woti, yaani kimiminika cha bia kabla ya kutiwa hamira, ya nyuzi 20. Yangu ilisoma 1.046 na yake ikasoma karibu 1.047, nusu ya mstari juu. Alikuwa tayari kuirudisha. Tulipotazama karatasi yake kwa makini tuliona imesawazishwa kwa nyuzi 15.6, kipimo ambacho bado kinatumika kwenye vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani, na kwa sampuli ya nyuzi 20 kifaa cha namna hiyo huhitaji kuongezewa kama 0.001. Yangu huhitaji 0.002. Tulijumlisha kila mmoja lake, na sote wawili tukaandika 1.048 kwenye daftari.